Kuutayarisha Umeme wa Nyumba Kabla ya Kipupwe

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulikumbuka baada ya kupata hasara, yaani namna ipasayo kuutayarisha umeme wa nyumba kabla baridi haijaingia.

Wasikilizaji wangu wa pwani huenda wakacheka, wakasema, "Mwalimu, kwetu kipupwe ni upepo mwema wa kusi, nasi twaushukuru." Ni kweli. Lakini maneno yangu ya leo nayaelekeza hasa kwa wale wakaao katika nchi za juu: Iringa, Mbeya, Njombe na Makete katika Tanzania, na Limuru na Nyandarua katika Kenya. Wajua wenyewe jinsi mambo yalivyo huko. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo mlimani, joto la hewa hupungua kadiri ya digrii 6. Tena mwezi wa Juni jua limekwenda mbali upande wa kaskazini. Basi mji kama Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata usiku wa baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo, unaopita mita 2,600, sakitu huonekana alfajiri juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa. Kwa watu wa nchi hizo kipupwe si maneno ya kitabuni. Ni kikohozi cha watoto, ni blanketi la tatu, na siku hizi ni hita ya umeme iliyonunuliwa mjini.

Hapo ndipo mazungumzo yangu yanapoanzia. Muda wa miezi tisa nyumba huuomba umeme kazi ndogo tu: taa nne au tano, redio, simu za kutia moto, labda televisheni. Mara baridi ikiingia, nyumba ile ile, kwa waya zile zile, huuomba umeme kazi ya kupasha joto chumba, kuchemsha maji ya kuoga, kuchemsha chai mara sita kwa siku, na kukausha nguo kwa pasi kwa sababu jua halikuonekana. Kila kazi ya kutoa joto ni kazi nzito kwa umeme. Nadhani mimi niliye mwalimu nina ruhusa ya kusema hivi: kipupwe ni mtihani wa nyumba. Waya mbovu uliofaulu mwaka mzima kwa kazi ya redio hushindwa siku ile ulipopewa kazi ya hita.

Na tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu maonyo huwa kelele tu. Umeme wa majumbani kwetu una nguvu ya kusukuma ya volti 230 hivi. Kila chombo kimeandikwa wati zake, kwa kawaida chini yake au nyuma. Ukizigawanya wati hizo kwa 230, utapata ampea, yaani wingi wa umeme upitao katika waya. Hita ya wati 2,000 huvuta ampea 8.7. Birika la umeme la wati 2,200 huvuta ampea 9.6. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4.3. Sasa tuseme mama wa nyumba ameviunganisha vyote vitatu katika ekstensheni moja, kwa kuwa chumba kina soketi moja tu. Jumla yake ni ampea 22 na zaidi. Lakini plagi zetu hizi za meno matatu bapa zimefanywa zichukue ampea 13, basi! Linganisha na taa za siku hizi, ambazo moja huvuta wati 9 tu. Hita moja ni sawa na taa 200 na zaidi zikiwaka pamoja.

Watu wa kale walisema, "Punda afe, mzigo ufike." Kwa waya methali hii haifai kabisa. Punda huyu akifa, mzigo haufiki, na nyumba yenyewe huteketea. Tena yafaa mjue siri moja: umeme upitao katika waya ukizidi mara mbili, joto la waya halizidi mara mbili, bali huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Ndiyo sababu waya huweza kuwa baridi miaka mingi, kisha katika usiku mmoja ukayeyusha ngozi yake.

Mtaniuliza, "Je, fyuzi na saketi breka hazikuwekwa kwa ajili ya hayo?" Naam, ndizo walinzi. Fyuzi ni kipande cha waya dhaifu kilichowekwa makusudi ili kife kwanza, na saketi breka ni swichi ijikatayo yenyewe mzigo unapozidi. Lakini mlinzi hufaa akiwa wa kimo kinachostahili. Nimeona kwa macho yangu, katika nyumba moja ya kupanga, mahali pa fyuzi pametiwa msumari. Mwenye nyumba alisema alichoka kununua fyuzi kila wiki. Hakujua ya kuwa fyuzi ile iliyokuwa ikikatika kila wiki ilikuwa ikimwambia neno, naye amemwua mjumbe ili asisikie habari. Msumari haukatiki. Litakalokatika ni lingine. Kadhalika yule ambaye saketi breka yake hujikata mara kwa mara, akamwambia fundi aweke kubwa zaidi pasipo kubadili waya, amefanya jambo lile lile la msumari, ila kwa gharama zaidi.

Basi matengenezo yenyewe ni yapi? Nitayataja kwa taratibu, na nitayagawa mafungu mawili: yale yampasayo mwenye nyumba, na yale ambayo hana ruhusa kuyagusa.

Wakati wa kuanza ni pale mvua za masika zinapokwisha, kabla ya Juni. Maana masika huacha alama. Paa likivuja, maji huteremka juu ya dari, hufuata waya, na kuingia katika swichi au katika taa. Kwa hiyo kwanza tazama juu. Ukiona dari ina doa la rangi ya chai karibu na taa, au ukuta una unyevu karibu na soketi, usiipake rangi. Zima umeme wa upande ule, mwite fundi, na paa lizibwe. Tazama pia kama kuna mavi ya panya darini. Baridi ikiingia panya nao hutafuta joto, nao hupenda kuguguna ngozi ya waya. Waya ulio uchi juu ya mbao kavu hauhitaji maelezo yangu.

Pili, zungukia soketi zote za nyumba moja moja, mchana. Soketi iliyogeuka rangi ikawa ya kahawia, iliyopasuka, au ambayo plagi yake hulegea na kuanguka, isitumiwe tena mpaka ibadilishwe. Jambo hili nalitilia mkazo, kwa sababu hapa fyuzi haisaidii. Pale plagi inapolegea umeme hupita kwa shida na kufanya joto mahali pale, ingawa wingi wake haukuzidi. Breka huona wingi tu, haioni kulegea. Mlinzi wa kulegea ni mkono wako na pua yako. Hita ikiwa imewaka nusu saa, gusa plagi kwa nje, pale penye plastiki, kwa mkono mkavu. Ikiwa ya vuguvugu, si neno. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, au ukisikia harufu kama ya samaki aliyeungua au ya plastiki, izime papo hapo ukutani.

Tatu, ekstensheni. Kazi yake ni vitu vidogo: taa, redio, simu. Hita isitiwe katika ekstensheni, bali ipewe soketi yake ukutani, nayo iwe peke yake. Ikiwa hapana budi kuitumia kwa kitambo kidogo, iwe nene, nayo ikunjuliwe yote. Ekstensheni iliyoviringwa kama kamba ya mbuzi haina mahali pa kutolea joto lake, hujipika yenyewe. Wala isipitishwe chini ya zulia au mkeka, ambako hukanyagwa na hakuna aonaye ngozi yake ilivyokatika.

Nne, hita yenyewe. Ilikaa kabatini tangu mwaka jana, imejaa vumbi. Ipanguse kabla ya kuiwasha, na tazama waya wake tangu plagi mpaka mwilini. Kisha chagua mahali pake: pasipungue mita moja kutoka kitanda, pazia, kochi na karatasi. Isitumiwe kuanikia nguo, ijapokuwa nepi za mtoto zimekaa siku mbili bila kukauka. Tena izimwe watu wanapolala. Mtu aliyelala hasikii harufu ya moshi. Afadhali kukipasha joto chumba saa moja kabla ya kulala, kisha uizime na kufunga madirisha na kujifunika vema. Hivyo utaokoa na fedha pia, maana hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu hula uniti 6, na mtu mwenye mita ya kulipia kabla ajua uniti 6 ni nini.

Msidhani ya kuwa hatari hii ni ya maskini wetu peke yao. Tarehe 9 Januari 2022, katika mtaa wa Bronx, mjini New York, hita ya umeme ilianzisha moto katika chumba kimoja cha jumba la ghorofa 19. Moto wenyewe haukwenda mbali, lakini mlango wa chumba kile haukufungika, moshi ukapanda ngazi za jumba zima. Watu 17 walikufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Wengi wao walikuwa watu wa nasaba ya Gambia, Waafrika wenzetu waliokuwa wakijikinga na baridi ya ugenini. Nawaomba walio na ndugu huko ng'ambo wawapelekee habari hii. Na sisi sote tujifunze hili: nyumba ikishika moto, mtu atokapo na aufunge mlango nyuma yake. Mlango uliofungwa huzuia moshi, na moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto.

Tano, bafu. Wengi sasa hutumia shawa ya umeme, ile ipashayo maji joto papo hapo yanapopita. Chombo hiki hula wati 5,000 au zaidi, yaani ampea karibu 22. Hakifai kabisa kuunganishwa na waya wa soketi, wala wa taa. Chataka waya wake mwenyewe, mnene, utokao moja kwa moja katika boksi kuu, usiopungua milimita 4 za mraba, na breka yake mwenyewe. Zaidi ya hayo chataka waya wa ardhi. Waya huu una rangi ya kijani, au kijani na manjano, nao hauna kazi siku zote isipokuwa siku ile chombo kinapoharibika. Siku hiyo umeme uliopotea njia huuona waya wa ardhi kuwa njia nyepesi kuliko mwili wa mtu, hukimbilia ardhini, na breka hukatika. Waya wa ardhi ukikosekana, njia iliyobaki ni yule aogaye, mwenye miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Fundi akikuambia, "Tunaweza kuuacha, shawa itafanya kazi tu," amesema kweli, itafanya kazi. Lakini usimwajiri tena.

Yupo mlinzi mwingine, bora kuliko wote kwa kuokoa uhai, ambaye mafundi humwita kwa herufi tatu, RCD. Ni swichi ilinganishayo umeme utokao na umeme urudio. Ikiona ya kuwa umepungua kwa ampea 0.03 tu, hutambua kwamba umeme unavuja, labda kwa njia ya mwili wa mtu, nayo hukata kwa kitambo kisichofika theluthi ya sekunde. Nyumba nyingi za zamani hazina kitu hiki. Kama fedha zako zatosha kwa jambo moja tu mwaka huu, naona liwe hili. Na kama unacho tayari, kina kibonyezo cha kujaribia: kibonyeze mara moja kabla ya kipupwe na mara moja kabla ya masika. Kisipokata, kimekufa, nacho kibadilishwe.

Sasa fungu la pili, yasiyokupasa kuyagusa. Kufungua boksi kuu, kubadili waya ukutani, kuunganisha shawa, na kupima waya wa ardhi, hizi zote ni kazi za fundi mwenye leseni. Katika Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, na katika Kenya na EPRA. Si aibu kumwomba fundi akuonyeshe yake. Mwambie pia rangi za waya za nyumba yako: katika nyumba za zamani waya wenye moto ni mwekundu na wa kurudi ni mweusi, katika nyumba mpya wenye moto ni wa kahawia na wa kurudi ni wa buluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba aghalabu ina rangi za aina zote mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Nimebakiza neno la kukatika kwa umeme, nalo ndilo zito kuliko yote. Umeme ukikatika huku hita, pasi au birika vimewashwa, vizimeni vyote papo hapo, na plagi zitolewe. Watu husahau. Hutoka kwenda shuleni au sokoni, na saa sita umeme hurudi, pasi huwaka juu ya shati, wala hakuna mtu nyumbani. Acheni taa moja tu ikiwa wazi, iwe ishara ya kurudi kwa umeme.

Na usiku umeme ukikatika na baridi imekaza, mkono wa mtu huenda wapi? Huenda kwenye jiko la mkaa. Huliwasha nje, huliacha liwe jekundu lisilo na moshi, kisha huliingiza chumbani, akafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Hudhani ya kuwa pasipo moshi hapana hatari. Wenzangu, mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu hubeba sumu badala ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hazioni dalili hizo hata moja. Twasikia kila mwaka ya kuwa jamaa nzima wamekutwa asubuhi kama walivyolala. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata mara moja, hata kwa mtoto mchanga, na hasa kwa mtoto mchanga. Sheria hiyo ndiyo ya jenereta pia: ikae nje, mbali na madirisha. Ukiona mtu ameanza kulalamika kichwa katika chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza, maswali baadaye.

Hatimaye, wafundisheni watoto mambo matatu. La kwanza, iliko meni swichi, na namna ya kuizima. Mtoto wa miaka kumi aweza kuokoa nyumba kwa kujua hilo. La pili, mtu aliyeshikwa na umeme asiguswe kwa mkono. Zima kwanza meni swichi, au ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu, kisha tazama kama anavuta pumzi, na ita msaada. La tatu, moto wa umeme haumwagiwi maji. Zima meni swichi, tumia mchanga mkavu au chombo cha kuzimia moto chenye unga, na moto ukizidi, tokeni nje nyote. Katika Tanzania kikosi cha zimamoto huitwa kwa namba 114, na katika Kenya namba ya dharura ni 999.

Mambo niliyoyataja hayahitaji elimu kubwa. Mengi yataka saa mbili za siku ya Jumamosi, macho, pua, na penseli ya kujumlisha wati. Machache yataka fedha na fundi. Fanyeni yale ya bure kwanza, mwezi huu wa mwisho wa mvua, na yale ya fedha myaandike yasisahauliwe. Nawatakia kipupwe chema, chai ya moto, na usingizi wa salama.

Kwaherini.